Wakuu, nafundisha saikolojia mwaka wa kwanza, darasa limenishinda, naombeni ushauri

Habari za jioni wakuu. Mi ni mhadhiri mchanga hapa Dodoma, chuo sitakitaja, semista hii nimepewa kozi ya saikolojia ya mwanzo, wanafunzi 380, wengi wa ualimu, ukumbi mmoja na maiki yenyewe inakatakata. Wiki ya kwanza walijaa wakidhani nitawafundisha kusoma mawazo ya watu, mmoja akaniuliza "ticha, saa hii mimi nawaza nini?" ukumbi wote kicheko. Basi nikaanza na Wundt na maabara yake ya Leipzig 1879, nikaja Freud, nikaja Pavlov, slaidi 60 kwa kipindi, saa hivi wanaokuja ni mia na kitu na nusu yao wako kwenye simu. Testi ya juzi nimesema watoe mfano WAO wa mtu kujifunza kama alivyoeleza Pavlov, nasahihisha mpaka saa nane usiku naona mbwa, kengele, mate, yule wa kwenye slaidi aliyezoeshwa kengele kabla ya chakula mpaka akawa anatoa mate kwa kengele tu. Mbwa yuleyule karatasi zote! Nifanyeje?

Ng'ambo ya Reli:
Pole ticha ila umewapa mbwa wamekurudishia mbwa. Na Pavlov mwenyewe alitumia sana metronomu, hiyo kengele imekuzwa tu. Waulize hivi, mesej ya boom, ile hela ya mkopo, ikiingia simu inalia ti, moyo unafanyaje? Kesho inalia ti kumbe mtandao wanatangaza bando, ila moyo ushapiga. Ule mlio ulikuwa hauna maana yoyote, umeipata kwa kuongozana na hela. Yakija matangazo matupu mwezi mzima, moyo unazoea na kutulia. Pavlov huyo hapo, mfukoni mwao.

Binti Kikuyu:
Kwa Skinner, yule wa tabia kujengwa na malipo, tumia mkeka wa kubeti. Mtu kachaniwa mara kumi bado anaweka buku, kwa nini? Kwa sababu malipo hayana ratiba, hajui itatiki lini, na tabia inayolipwa namna hiyo ndo ngumu kuiacha. Ila usiseme wanaobeti wanyooshe mkono, watakudanganya mchana kweupe 😂

Sapu Moja:
Hiyo kozi nilikula sapu. Ticha anasoma slaidi, sisi tunadesa, mtihani ukiisha tunasahau hata kabla ya kutoka mlangoni.

Mama Zabibu:
Mwanangu, miaka 9 niko kwenye kozi hiyo. Slaidi zibaki 15. Kila kipindi anza na maswali matatu ya kipindi kilichopita, madaftari yamefungwa, wasahihishiane na jirani, maksi usichukue. Watafiti Roediger na Karpicke 2006 waliwapima watu, baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndo walikuwa mbele, baada ya wiki wakaachwa mbali na waliojipima. Lingine, ukifika magonjwa ya akili ukataja hospitali ya Mirembe watacheka, huku kwetu jina hilo ni tusi. Usigombe, uliza tu wanacheka nini halafu nyamaza. Mwaka jana nilinyamaza hivyo, binti wa siti za nyuma akasema mama yangu alilazwa pale akapona, sasa hivi anauza karanga Majengo. Hakuna aliyecheka tena mpaka semista ikaisha.

Mwanzisha uzi:
Shukrani sana wakuu, Ng'ambo umenichoma ila ni kweli. Jumatatu naingia na mkeka. Mama, watu 380 kila kipindi, hizo karatasi natoa wapi?

Mama Zabibu:
Nyuma ya madesa yao.