Ushauri: WRX yangu niibadilishe yadi niongeze hela, au nibaki nayo bei zikiwa juu hivi?

Mleta mada
Wakuu, habari za kazi. Nina Subaru Impreza WRX ya 2005, cc 1,994, gia manyuali, namba D. Kila siku ni Kisasa–Mtumba hapa Dodoma na mizunguko ya mjini, kama kilomita 40. Kuna yadi imekubali kuichukua nikiongeza milioni 6, wanipe IST ya cc 1,500. Magari yamepanda bei, naona na langu limepanda. Nibadilishe sasa?

Mpiga hesabu
Mkuu, usifurahie bei waliyolipangia gari lako, angalia nyongeza. Bei zimepanda pande zote mbili, na yadi inakula faida mara mbili: inapopokea lako na inapokuuzia lao. Waambie wakuandikie bei mbili tofauti, ya IST ukilipa taslimu na ya WRX wakiinunua bila kubadilishana. Hapo utajua wamekukata kiasi gani.

Sasa mafuta. Kilomita 40 kwa siku 22 ni 880 kwa mwezi. WRX ikila lita moja kwa kilomita 8 ni lita 110. IST kwa kilomita 13 ni kama 68. Unaokoa lita 42. Weka bei ya EWURA ya Dodoma mwezi huu. Tukichukua 3,000 kurahisisha hesabu, ni 126,000 kwa mwezi. Milioni 6 itarudi baada ya karibu miaka minne. Kama sababu ni mafuta tu, mimi sibadilishi.

Fundi boksa
Hesabu iko sawa, ila inategemea hali ya injini. Mkanda wa taimingi umebadilishwa lini?

Mleta mada
Sina kumbukumbu yake. Kilomita zinasoma 138,000. Yadi hawajauliza.

Fundi boksa
Basi anza hapo kabla ya yadi. Mkanda ule ni wa kilomita 100,000, na ukikatika pistoni zinagonga valvu, unafungua hedi zote mbili. Badilisha seti nzima kwa mkupuo: mkanda, tenshena, roli zote na wota pampu. Ukiweka mkanda mpya ukaacha roli za zamani, roli ikijam inaukata huo mpya.

Kisha pima kompresheni injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka mwisho. Injini hii ni boksa, silinda nne zimelala mbili kila upande na plagi ziko ubavuni, kwa hiyo fundi atatoa betri na boksi la ea klina. Asiyetaka kuvitoa atakupimia silinda mbili akuambie ziko sawa zote. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, uza. Iache pia isailensi, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, dakika tano ikiwa ya moto, halafu ikanyage: moshi wa buluu ni oili inayopita, mara nyingi kwenye sili za tabo.

Zikiwa nzuri, baki nayo. Inabeba oili kama lita 4 na nusu, pima stiki kila ukijaza tanki. Vumbi la Dodoma linaziba ea klina haraka. Na usiongeze busti (presha ya tabo): injini hii ya Japani ilipangiwa petroli ya okteni 100, ya pampu zetu iko chini ya hapo.

Mjumbe wa Nkuhungu
Ukiamua kuiachia, uza mwenyewe. Kuagiza gari la zaidi ya miaka 10 kuna tozo ya uchakavu juu ya ushuru na VAT, ndiyo maana WRX safi iliyopo nchini bado ina wateja. Mnunuzi umwambie ukweli kuhusu mkanda.

Iwe yadi au mtu binafsi, hakikisha umiliki umehamishwa TRA kabla hujaacha kadi. Yadi nyingi hukaa na gari kwa jina lako mpaka mteja apatikane, na likipigwa tochi ya mwendokasi na trafiki Gairo deni linasoma kwa namba ile ile. Angalia deni la faini kwa namba ya gari siku ya kusaini, mkataba upite kwa wakili, na tarehe na saa ya makabidhiano ziandikwe humo.