Hana mtihani, hana "wa ngapi": shule za huku Ufini mnazifuatiliaje?

Mama Neema (Vantaa):
Jamani habari za baridi. Naomba mnieleweshe maana mi naona kama mwanangu anacheza tu. Yuko darasa la tatu, tulipofika alikaa mwaka mzima kwenye lile darasa la maandalizi la kujifunza Kifini, sasa yuko na wenzake. Kila nikimuuliza leo mmesoma nini ananijibu tulitoka nje. Wiki mbili hizi ni maji tu, wamepima maji ya mtoni, wamechora maji, hesabu za maji, kwenye useremala wanatengeneza kigurudumu cha kuzungushwa na maji. Nikakagua daftari, kurasa sita! Mi darasa la tatu Morogoro daftari la pili lilikuwa linaisha. Na nikimuuliza umekuwa wa ngapi ananiambia mama huku hakuna wa ngapi. Bibi yake akipiga simu swali la kwanza ni hilohilo, nimjibu nini?

Baba Rama (Tampere):
Pole dada, wote tumepita humo. Kwanza wasikudanganye kwamba Ufini wamefuta masomo, hizo ni stori za mitandaoni. Hesabu ipo, Kifini kipo, ratiba ipo. Ila mtaala ulioanza kutumika 2016 unataka kila shule angalau mara moja kwa mwaka iwe na kipindi cha kuchukua jambo moja na kulipitisha kwenye masomo kadhaa, ndo hayo maji yenu, yataisha. Na vijaribio vipo, vinaitwa koe, mwalimu anatunga mwenyewe. Maksi za namba zinaanza darasa la nne, kuanzia 4 mpaka 10, ukiona 4 hapo mtoto kafeli. Ila mtihani wa taifa kama ule wetu wa darasa la saba haupo, wa kwanza anaukuta mwisho wa lukio, yaani sekondari ya juu, na tangu 2019 wote unafanywa kwenye kompyuta.

Ma Tatu (Helsinki):
Mwanangu Mama Neema, mi ni msaidizi darasani hapa mwaka wa saba, na nyumbani Malindi nilikuwa mwalimu, ngoja nikwambie nilichokiona kwa macho yangu. Kule nilifundisha mto, chanzo, tawimto, mlango, watoto wakakariri kama kasida, mtihani wakapata, na mto Sabaki uko pale tunaupita kwa matatu na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini maji yake yale ni mekundu, na mimi sikuwauliza. Huku wanaanzia hapo kwenye swali. Mtoto anapima, anakosea, anapima tena, halafu mwenzake kapata namba nyingine wanaanza kubishana, na mwalimu kasimama pembeni kimya. Mzazi akichungulia dirishani atasema huyu mwalimu analipwa bure. Kumbe anasikiliza nani anaeleza, nani anafuata tu mkumbo, nani kanyamaza, na anaandika. Ndo mtihani wenyewe huo walai. Kenya nao wameleta mambo haya tangu 2017, ila kule mzazi ndo anakimbizana na manila na gundi usiku, huku penseli, vitabu, chakula cha mchana, vyote vya shule.

Baba Espérance (Oulu):
Jambo kwenu wote. Mama Tatu mi nakuheshimu sana lakini niseme na upande mwingine. Hiyo ya kubishana kuhusu maji ni nzuri kwa mtoto mwenye maneno. Wangu hakuwa nayo. Kwenye kundi wenzake walikuwa wanaongea, yeye wanampa kazi ya kupaka rangi, na kwa sababu ni mpole hasumbui mtu, basi miezi minane kila mtu akaona mambo ni sawa, na mimi sikusoma Wilma, ile programu ya shule ya kuwaandikia wazazi, hata siku moja maana meseji zote ni Kifini, nikajua kukiwa na shida watapiga simu. Hawakupiga. Siku nimeenda na mkalimani ndo nikasikia anasoma nyuma ya wenzake. Sasa anafanya Kifini cha S2, cha wanaojifunza kama lugha ya pili, na mara moja kwa wiki anabaki kwa masomo ya ziada, bure. Lakini niliomba mimi. Mkalimani pia shule inaleta na hulipi kitu, usimtumie mtoto kutafsiri mambo yake mwenyewe, atakutafsiria anavyotaka yeye 😂

Baba Rama (Tampere):
Hapo kwenye Wilma umegonga penyewe kaka. Mi nakopi meseji naweka kwenye programu ya kutafsiri, inatafsiri vichekesho lakini unaelewa.

Mama Neema (Vantaa):
Yesu na Maria nimefungua Wilma, meseji 41 hazijasomwa!! Moja wanaomba soksi za sufu tangu Novemba. Nyingine naitwa kwenye kikao cha mzazi, mwalimu na mtoto mwenyewe, Alhamisi saa nane na nusu. Nikaulize nini?

Ma Tatu (Helsinki):
Usiulize anaendeleaje, utajibiwa vizuri na kikao kimeisha. Uliza kwenye kundi anaongea au anapaka rangi, kama alivyosema Baba Espérance. Uliza akisoma ukurasa peke yake anaelewa. Na Neema ataulizwa ajipime mwenyewe, usimkatize, najua utatamani. Ukimaliza omba fomu ya masomo ya lugha ya nyumbani, Kiswahili, kawaida ni masaa mawili kwa wiki, ila lazima watoto watoshe kundi na mwalimu apatikane, kwa hiyo walio Vantaa wote jazeni.

Mama Neema (Vantaa):
Asante sana Ma Tatu, asanteni wote, fomu najaza, nani mwingine yuko Vantaa aniandikie. Bibi yake kapiga jana usiku, nimemwambia kawa wa kwanza. Mungu anisamehe.