Cheti cha kuzamia kwa wanafunzi wa fildi ya bahari: kibaki au kiondolewe?

Chelezo
Wadau, msimu wa kuomba nafasi za fildi (mafunzo kwa vitendo) umefika na matangazo ni yale yale: mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu wa sayansi ya bahari, wiki nane, awe na bima, awe na cheti cha kuzamia cha Open Water, kile cha ngazi ya mwanzo. Hoja yangu ni kwamba sharti la cheti liondolewe kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Angalieni kazi anayopewa akishafika. Nyasi bahari: tepu tatu za mita 50 zinalazwa sambamba, mita 25 kutoka moja hadi nyingine, na kila baada ya mita 5 unaweka kwadrati, yaani fremu ya mraba, ya sentimita 50 kwa 50. Tepu moja kwadrati 11, jumla 33, na zote zinasomwa kwa miguu maji yakiwa yamekupwa. Mikoko: tepu ya kipenyo na matope hadi magotini. Dikoni, samaki wanaposhushwa: mizani, ubao wa kupimia urefu wa samaki, daftari. Mtungi wa hewa unaingia wapi hapo? Kozi yenyewe inafundishwa na vituo vya watalii, inalipiwa mamia ya dola, na kwa siku tatu au nne imekwisha. Anayekuwa na cheti ni yule ambaye nyumbani wana uwezo wa kulipa.

Badala yake liwekwe jaribio la kuogelea: mita 200 bila kusimama, kisha kuelea dakika 10. Maana tusidanganyane, vijana wengi wanaotoka bara boti ikiyumba kidogo tu wanamshika nahodha shati.

Naomba kuwasilisha.

Sangara
Bara ipi mkuu? Ukerewe ni bara? Mtoto wa Kigoma amekulia kando ya ziwa lenye kina cha mita 1,470, huko dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, upepo ukigeuka hakuna mwamba wa kukukinga. Wakala wa mafunzo ya uvuvi, FETA, ana kampasi Mbegani, sawa, lakini anayo pia Nyegezi na Kigoma. Futa kauli yako kwanza, halafu tuongee habari za cheti.

Mzamiaji wa Kusi
Chelezo, umehesabu kazi za nchi kavu ukaacha za majini. Kuna vituo ambavyo mwanafunzi anaingia kwenye timu ya matumbawe, na huko sharti lina sababu. Kwenye mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu. Mtu aliyevuta hewa ya mtungi kwenye kina hicho, akashtuka, akabana pumzi na kupanda, hewa iliyo mapafuni inataka nafasi mara mbili. Mapafu yanaweza kupasuka kabla hajafika kwenye boti, na si lazima awe amekwenda mbali. Ndiyo maana bima nyingi hazimgusi asiye na cheti.

Hiyo habari ya bara ni ya kitoto. Boti inamyumbisha kila mtu asiyeizoea.

Binti Pangani
Mimi sina shida na Sangara wala na bara, nina shida na hilo jaribio la mita 200 lililotupwa kana kwamba kila aliyezaliwa ufukweni anaogelea. Wanawake wa pwani wanajua bahari kuliko wengi humu, ila wanaijua kwa miguu. Wanatoka maji yakikupwa, wanachokoa pweza, wanaokota chaza, wanafunga mwani kwenye kamba, maji yakianza kujaa wanarudi. Hakuna aliyewafundisha kuogelea kwa sababu kazi haikudai, na nyumbani msichana kuonekana amelowa nguo mwilini ni maneno. Kule Nungwi Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kwa mavazi ya kuogelea yanayositiri mwili mzima, na wanaogelea vizuri sana. Kwa hiyo, Chelezo, jaribio lako bila mafunzo ni ukuta ule ule, umebadilishwa rangi.

Chelezo
Dada, nimekusikia, na hilo sikulipima. Niliposema jaribio nilimaanisha kituo kifundishe wiki ya kwanza, kisha kipime. Kuhusu bara: nilizungumzia wengi, sikusema wote.

Sangara
"Wengi" umewahesabu wapi? Wewe unayetaka kwadrati 33 ndipo useme nyasi zinafunika asilimia ngapi, watu umewapima kwa shati la nahodha.

Mzamiaji wa Kusi
Turudi kwenye hoja. Nakubali kitu kimoja ambacho kitamfurahisha Chelezo: Open Water haimfanyi mtu kuwa mzamiaji wa utafiti. Ni cheti cha utalii, mwisho mita 18, mizamio minne baharini basi. Utaratibu wa AAUS, chama cha uzamiaji wa sayansi cha Marekani, unadai saa 100 za mafunzo na mizamio isiyopungua 12 kabla ya kukuita mzamiaji wa sayansi. Aliyetoka kozi ya siku nne ukimpa ubao na penseli chini ya maji hawezi kutulia sehemu moja. Amefunga vipande vingi vya madini ya risasi kiunoni ili azame, kwa hiyo miguu inazama, mapezi yanapiga matumbawe na kutibua mchanga, na yule anayefuata kwenye tepu haoni kitu. Hewa ambayo mwenzake anatumia dakika 50 yeye anaimaliza kwa 25, na timu nzima inapanda naye. Takwimu zake za siku hiyo hazifai.

Kwa hiyo vituo vinavyodai Open Water vinadai kitu ambacho hakitoshi kwa kazi ya chini na hakihitajiki kwa kazi ya juu. Lakini dawa si kukifuta. Kituo kinachotaka wazamiaji kiwafundishe chenyewe, hadi kiwango cha utafiti, na kilipe.

Mkandaa
Nawasoma kutoka Kilifi. Mnagombania mlango ambao si wenyewe. Hii cheti mwanafunzi anaweza kuikosa na bado akasoma bahari mpaka shahada ya uzamivu. Wengi wanaangukia kwenye barua.

Chukueni mafunzo ya uvuvi ya Iceland, yale ya miezi sita yaliyoanza 1998 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa na sasa yako chini ya GRÓ, kituo cha Iceland cha mafunzo ya kimataifa. Huombi mwenyewe. Taasisi yako ndiyo inakupendekeza. Mhitimu ambaye hajaajiriwa hata afaulu vipi hana wa kumpendekeza, na fildi ya wiki nane haimpi mwajiri. Halafu ule ufadhili wa POGO na SCOR, mashirika ya kimataifa ya utafiti wa bahari, wa mwezi mmoja hadi mitatu kwenye maabara ya nje: msimamizi wa nyumbani aandike, wa kule unakokwenda naye aandike, na lazima waseme kitu kimoja. Watu wanakwama hapo. Mwanafunzi anaandika "kujifunza kuhusu planktoni", mwenyeji anaandika anamsubiri kwa kazi ya data za setilaiti, wa nyumbani anaandika kwamba kijana ana nidhamu na anahudhuria vipindi. Barua tatu, safari tatu tofauti. Hiyo inaanguka hata kabla ya kufika mezani.

Ng'onda
Kuna na ule wa Japani wa kuchora ramani ya sakafu ya bahari, huo hautaki kuzamia kabisa. Unaenda Tokyo mwaka mmoja.

Mkandaa
Pesa ndiyo ya Japani, ya mfuko wa hisani wa Nippon Foundation. Masomo yako Chuo Kikuu cha New Hampshire, Marekani, tangu 2004, wanachukua watu sita hivi kwa mwaka. Wahitimu wake ndio waliounda timu iliyoshinda Shell Ocean Discovery XPRIZE, shindano la kuchora sakafu ya bahari, mwaka 2019, dola milioni 4. Na ule mwingine wa Nippon na POGO ulianzia Bermuda 2008, ukahamia Ujerumani 2013, kisiwa cha Helgoland, ukachukua watu 10 kwa miezi 10. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaoanza kwa kukuuliza cheti cha mtungi. Unaulizwa utafanya nini ukirudi, na nani atakupokea.

Sangara
Mkandaa umenena, lakini ona pia neno "bahari" linavyowafungia nje watu wa ziwa. Wabelgiji wana akili, shahada yao ya uzamili ya vyuo vitatu, Brussels, Ghent na Antwerp, inaitwa Bahari na Maziwa. Hapa kwetu kijana aliyepima oksijeni ya maji Ziwa Victoria anaambiwa hana uzoefu wa bahari. Kipimo ni kile kile! Ukisahau kurekebisha mashine kwa chumvi unapata oksijeni kubwa kuliko iliyopo, basi, hiyo ndiyo tofauti, na inafundishwa kwa dakika kumi.

Binti Pangani
Dakika kumi za mashine, ndiyo. Na kupwa na kujaa je? Ziwa halina bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kukupwa. Mtu wa ziwani anapanga kazi kwa saa ya ukutani. Pwani yetu, siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji yanakupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, na kila siku yanasogea mbele kama dakika 50. Ukifika saa sita na kwadrati zako, nyasi ziko chini ya maji ya kiunoni. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, hata ukifika saa ya kukupwa maji hayaondoki vya kutosha. Wiki nane zina bamvua nne tu. Mwanafunzi akipoteza mbili kwa kusubiri barua ya kibali, ripoti yake imebaki nusu.

Hapa ndipo nawadai wenye vituo: fildi ipangwe kwa kalenda ya mwezi, siyo "kuanzia Jumatatu".

Sangara
Hilo nimelipokea bila ubishi.

Chelezo
Binti Pangani, umeniongezea hoja. Jedwali la maji kupwa na kujaa liwekwe kwenye tangazo lenyewe, tarehe za kuripoti zitoke humo. Na wale wa mikoko wafundishwe mapema kwamba kipenyo cha mti hupimwa kwenye mita 1.3 kutoka chini, lakini mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya kuning'inia, hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Ripoti nyingi zinachanganya mkoko na mchu, ambao hauna mizizi hiyo, kwa kipimo kimoja, hesabu ya kaboni inatoka uongo. Wenzetu wa Gazi, Kenya, wanauza kaboni inayohifadhiwa na mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, kosa kama hilo kwao ni pesa ya kijiji.

Ng'onda
Na posho? Mbona hakuna anayeitaja? Cheti mnakililia, lakini wiki nane za nauli, chumba na chakula bila senti.

Mzamiaji wa Kusi
Posho ifunguliwe mada yake. Ila petroli ya boti haimhusu mwanafunzi kwa hali yoyote. Kituo kinachomwambia mwanafunzi achangie mafuta kimemgeuza mtalii.

Mwaka wa Pili
Samahani wakubwa zangu. Tangazo ninaloliomba linafungwa Ijumaa, wameandika cheti cha kuzamia "itakuwa sifa ya ziada". Sina. Niandike nini?

Mkandaa
Mdogo wangu, usikitaje kabisa, wala usiombe radhi kwa kukikosa. Ukurasa mmoja. Aya ya kwanza: kazi yao ipi unaitaka, kwa jina lake, na tarehe za bamvua unazoweza kuwepo. Aya ya pili: ulichopima darasani, kwa kifaa gani, mara ngapi. Ya tatu: unaweza kuingiza data kwenye jedwali na kuzichora, kama kweli unaweza. Mpe msimamizi wako nakala kabla hajaandika barua yake, asije akaandika mambo ya mahudhurio. Majina kwenye bima, kitambulisho na barua ya chuo yafanane herufi kwa herufi.

Binti Pangani
Na kama huogelei, sema huogelei. Hilo usilifiche, mdogo wangu, hata wakikukataa. Boti ndogo haina pa kujificha.

Sangara
Akija Mwanza ataogelea ndani ya wiki mbili. Nyegezi pale maji yametulia, hakuna mkondo wa kumvuta.

Mzamiaji wa Kusi
Ziwani kuna kichocho, Sangara. Usimpeleke mtoto wa watu kwenye maji ya ukingoni yenye matete na konokono. Atafute bwawa.

Sangara
Kichocho kina dawa, prazikwantel, inapimwa kwa kilo za mtu. Mtu wa pwani akikosa hoja dhidi ya ziwa anakimbilia kichocho. Chelezo, bado nasubiri ile kauli uifute.

Chelezo
Nimeifuta. Wanaomshika nahodha shati wako kila mahali.