Tupeane uzoefu: kijiji na kituo cha afya vilishirikiana vipi kwenu, na kipi kilidumu?

Mkunga, Kyegegwa (mwanzisha mada)

Habari zenu ndugu. Ada za matibabu kwenye vituo vya serikali Uganda zilifutwa mwaka 2001, lakini sisi tulio mbali na lami tunajua kwamba bure peke yake haitoshi. Mtu anakosa nauli ya kufika. Akifika haeleweki. Akieleweka, anakuta kabati la dawa ni tupu. Naomba tusimuliane yaliyofanyika kweli: nani alikaa na nani, fedha zilitoka wapi, na mradi ulipoisha kilibaki nini.

Naanza na letu. Kituo chetu kinahudumia wenyeji na wakimbizi wa kambi ya Kyaka II, wengi wao Wakongo. Wauguzi wengi wanatumia Kiingereza na Kirutooro. Kliniki ya wajawazito, mama alikuwa anapewa bahasha ya vidonge imeandikwa 1×3, yaani kimoja mara tatu kwa siku, naye akifika nyumbani anameza vitatu kwa mpigo. Muuguzi amefanya kazi yake, mama ametii, na maelekezo ya dawa yamepotea katikati.

Wazo lilitoka kwa akina mama wa kanisani na msikitini kambini. Walichagua wenzao wanaosikia lugha ya wauguzi na ya wakimbizi, wakakaa kwa zamu kwenye meza ya usajili na kwenye dirisha la dawa. Mkuu wa kituo aliweka masharti: watunze siri za wagonjwa, na wasimuulize mama jambo ambalo muuguzi hajauliza. Wao nao wakaweka lao: benchi lao liwe ndani, siyo nje juani. Nadhani sharti hilo la benchi ndilo lililowafanya wabaki, maana tangu hapo walihesabika kuwa watu wa kituo. Sasa mama haondoki dirishani mpaka aseme kwa mdomo wake jinsi atakavyomeza.

Mstaafu wa jeshi, Rukungiri

Asante mama mkunga. Kiswahili nilikipata jeshini, na nafurahi kukitumia kwa jambo kama hili.

Kwetu Kigezi kuna milima ambayo gari haiwezi. Mgonjwa tunambeba kwa engozi, machela ya kusukwa, wanaume wanne mabegani na wengine nyuma wakisubiri kupokezana. Kila nyumba ina mtu kwenye kundi. Asiyetokea kubeba anatozwa faini, na kundi hilohilo ndilo linalozika.

Hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha bima mwaka 1996 haikuunda vikundi vipya. Iliyaendea makundi haya ya engozi, na kundi likaingia zima. Hapo ndipo penye akili. Mkiacha watu wajiandikishe mmoja mmoja, atalipa yule anayejisikia mgonjwa tu, mwenye afya atasema nitalipa mwakani, na mfuko utakauka. Hospitali ya Bwindi nayo ilipita njia hiyohiyo mwaka 2010. Bima ya taifa mpaka leo tunaisubiri, lakini bibi wa kijijini analipa mchango wake kwa sababu mweka hazina anamfahamu na kikao kinamwona.

Kwa hiyo anayekuja na mradi, kabla hajaitisha kamati mpya, aulize kwanza kijiji kinazika vipi. Atakuta watu wenye uongozi, daftari na faini tayari.

Dada wa Kisoro

Afande, umesema kweli, ila usiwasahau wasio na kundi. Watwa, wenyeji wa msituni, walitolewa humo mwaka 1991 Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa. Hawana ardhi, watachangia nini? Hospitali ya Bwindi yenyewe ilianza kama kliniki ya kuwahudumia wao. Mchango wa kijiji unasaidia wenye kidogo. Kwa asiye na kitu lazima mtu wa nje amlipie, na tuliseme hilo waziwazi kwenye kikao ili asionekane mdandizi.

Mstaafu wa jeshi, Rukungiri

Nakubali, dada. Hilo kundi peke yake haliliwezi.

Muuguzi, Amudat

Huku tuko mpakani. Wapokot wa Uganda na wa Kenya ni watu wamoja, na sokoni tunaelewana kwa Kiswahili. Ugonjwa unaotusumbua wengi wenu huenda hamjauona: kala-azar. Unaletwa na nzi mdogo wa mchanga ambaye mchana anajificha kwenye nyufa za vichuguu, na jioni ndipo watoto wachungaji wanapoketi juu ya hivyo vichuguu. Homa inakaa wiki na wiki, bandama inavimba, mtoto anakuwa na tumbo kubwa na mikono kama vijiti. Asipotibiwa, karibu hakika anakufa.

Dawa ipo, hospitali ya Amudat inatibu. Lakini tiba ni sindano kila siku kwa siku 17. Mama analala wodini na mtoto wake siku zote hizo, na mbuzi wake nani atawachunga? Tulikuwa tunahubiri kuhusu nzi na homa, watu wanatusikiliza vizuri, halafu siku ya nne au ya tano mama anambeba mtoto usiku na kuondoka. Tukadhani hawaelewi ugonjwa. Wazee ndio waliotuambia kikaoni kwamba wanauelewa sana, ila hakuna aliyewahi kuwauliza habari za mbuzi.

Wakapanga wenyewe: mtoto akilazwa, mifugo ya mama huyo inaingia kwenye kundi la jirani, na jirani haruhusiwi kudai maziwa wala ndama kama malipo. Mzee wa eneo ndiye shahidi. Sisi upande wetu tuliahidi kupima mtoto siku hiyohiyo anapoletwa, siyo kumwambia arudi kesho. Na mgonjwa akivuka kwenda Kenya na mifugo, tunawapigia simu wenzetu wa Kacheliba, kwa kuwa nako wanatibu. Hakuna mfadhili aliyelipia mpango huu hata shilingi moja.

Boda boda, Yumbe

Fupi tu. Stendi yetu ina namba ya mkunga na mkunga ana zetu. Usiku kuna mmoja wa zamu, hazimi simu. Nauli ya mama mwenye uchungu tuliipanga pamoja na LC, yaani baraza la kijiji, na inatoka kwenye akiba ya kikundi cha akina mama, wao wanarudisha polepole. Zamani tulikuwa tunaogopa kubeba, akijifungulia njiani utalaumiwa wewe. Siku hizi tunabeba na mwanamke mwingine nyuma.

VHT, Namuwongo, Kampala

Nimesoma yote na nimefurahi, lakini ngoja niseme la moyoni. Timu za afya za vijiji, yaani VHT, zipo tangu mwaka 2001, na mpaka leo sisi ni watu wa kujitolea. Saa tano usiku unagongewa mlango. Unamlaza mtoto, unapandisha fulana, unahesabu pumzi kwa dakika nzima: wa kuanzia miezi miwili ambaye hajafika mwaka akifika 50, au aliyevuka mwaka akifika 40, huo unaweza kuwa nimonia. Unazungusha utepe mkononi, ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali. Ukifungua sanduku, amoksilini imekwisha. Mara ya pili mama huyo haji kwako, anaenda duka la dawa na kununua vidonge viwili anavyoweza kulipia.

Shirika moja lilitupa fulana, likatupiga picha, na mradi ulipoisha hatukuletewa hata barua. Tuliendelea kuhesabu pumzi. Nasema hivi kwa sababu neno ushirikiano linatamkwa sana na watu wenye mshahara.

Kilichotusaidia ni ubao. Kituo chetu kina kamati ya usimamizi yenye raia ndani yake, kama vituo vingine, ila yetu ilikuwa jina tu. Tukadai iamke. Sasa dawa za serikali zikishushwa, maboksi yanafunguliwa mbele ya mjumbe wa kamati na LC1, na idadi inaandikwa kwa chaki ukutani, dawa kwa dawa.

Mkunga, Kyegegwa

Dada, pole sana, na wala usiombe radhi kwa kulisema. Hapa kwetu wafanyakazi wangeuona ubao huo kama tuhuma ya wizi. Nyinyi mlifanyaje?

VHT, Namuwongo

Mwanzoni walinuna, mama. Tulikaa nao tukawaambia ubao unawalinda wao, maana dawa zinapoisha ni muuguzi anayetukanwa dirishani. Kisha likatokea lenyewe: dawa ya malaria iliisha kabla ya mzunguko mwingine wa kuletewa dawa. Ubao ulionyesha zilikuja ngapi, daftari la wagonjwa likaonyesha zimetumika ngapi, vikalingana. Mwenyekiti wa LC1 aliupiga picha kwa simu, akaenda nayo kwa wakubwa wa afya, na tukaletewa kutoka kituo kingine kilichokuwa na ziada. Tangu siku hiyo mfamasia ndiye anayeshika chaki.