Fundi amenihesabia futi za chini ya udongo, na pongo wanakula bustani yangu kila usiku

Ndugu zangu, leo sina salamu ndefu. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, nimeshika tochi, nimekwenda bustanini, nimekuta matuta mawili ya sukuma wiki yamebaki vijiti. Hii ni mara ya nne tangu uzio ukamilike. Uzio wa shilingi 3,800,000! Nimenyamaza vya kutosha.

Niko nje kidogo ya mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, upande unaoelekea mbuga ya Queen Elizabeth. Walio huku wanajua tunavyoishi na wanyama. Tembo hawajafika kwangu, namshukuru Mungu. Anayenitoa machozi ni pongo, yule swala wa vichakani mwenye madoa meupe ubavuni, Watooro wanamwita engabi. Huyo hata mbuga haihitaji. Kichaka kimoja kando ya mto kinamtosha, anajificha humo mchana, giza likiingia anatoka taratibu, mara nyingi peke yake, humsikii. Mama yangu analala chumba cha nyuma, na wiki nzima alikuwa ananiuliza ni mbwa wa nani anayebweka shambani usiku. Sisi hatuna mbwa. Ni pongo! Akishtuka anabweka, sauti nzito ya kukwaruza, mtu asiyemjua ataapa ni mbwa.

Kiwanja changu ni hamsini kwa mia, kwa hiyo mzunguko wake ni futi 300. Humo nina sukuma, mboga za majani za nakati na dodo, na maharagwe, na akina mama wa sokoni wananichukulia kila Jumatatu na Alhamisi. Karo ya watoto inatoka humo. Pongo walipozidi nilikopa milioni tatu sako, chama chetu cha akiba na mikopo, nikaongeza akiba yangu, nikamtafuta fundi ambaye watu walimsifu. Jina lake siliandiki hapa, yeye mwenyewe atajijua akisoma.

Kabla ya kumlipa niliuliza sana. Pongo anaruka vizuri, uzio wa kimo cha mtu si kitu kwake, na akiona nafasi chini anapendelea kupenya kuliko kuruka. Wanaofuga wanyamapori kule kusini mwa Afrika hujenga uzio wa mita 2.4, yaani kama futi 8, kwa ajili ya swala wanaoruka. Nikamwambia fundi hivyo hivyo: futi nane, na wavu ushuke mpaka uguse udongo. Tukaandikiana kwenye karatasi, mashahidi wawili wakatia sahihi. Maneno yenyewe ni haya: "uzio wa futi 8 kwenda juu, nguzo za mikaratusi zilizopakwa oili chafu, wavu mpaka chini."

Siku za kusimamisha nguzo sikuwepo, nilikuwa nimempeleka mama Fort Portal kwa matibabu. Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha, wavu unang'aa, fundi anatabasamu. Nikamlipa salio lote. Kosa langu ni hilo moja tu, sikupima.

Juzi ndipo nilipochukua futikamba. Kutoka udongoni mpaka ncha ya nguzo: futi 6 kasoro inchi mbili. Nikadhani nimekosea, nikapima nguzo tano, zote ni hizo hizo. Wavu wenyewe ni wa futi 4. Juu yake amepitisha mstari mmoja wa seng'enge, na kati ya wavu na seng'enge pana nafasi ya kupitisha kichwa changu. Chini ndiyo aibu kabisa. Wavu umening'inia shibiri nzima juu ya ardhi, na pale mfereji wa maji ya mvua unapopita, nimelala kifudifudi nikapitisha mkono mpaka begani bila kugusa kitu. Kwenye waya wa chini pale mfereji ulipo nimekuta manyoya yamenasa, mafupi, ya rangi ya kahawia inayokwenda kwenye wekundu. Nimeyaweka kwenye bahasha.

Nikampigia. Majibu yake yakawa yanabadilika kila siku. Kwanza akasema, "Nnyabo (yaani mama), hao ni sungura." Sungura? Nikamwambia njoo uone shina. Sungura ana meno ya mbele juu na chini, anakata shina kama kwa kisu, linabaki laini. Pongo hana meno ya mbele ya juu, kama mbuzi na ng'ombe, anavuta na kurarua, kwa hiyo shina linabaki na nyuzi zimechanika. Sukuma yangu imechanika yote. Na kwenye tuta lililokuwa limemwagiwa maji jioni pana alama za kwato mbili mbili, nyembamba, zimechongoka mbele, hazifiki urefu wa kidole changu cha kati.

Kesho yake akasema basi ni mbuzi wa jirani. Jirani yangu hafugi mbuzi, anafuga kuku.

Nilipomtajia futi, ndipo akasema neno ambalo mpaka sasa nikilikumbuka mikono inatetemeka. Akasema nguzo ni za futi nane kweli, futi mbili zimo ndani ya shimo, na kwamba "kila fundi anahesabu hivyo." Jamani! Pongo anaruka kutoka chini ya udongo? Nilinunua uzio wa kuzuia mnyama anayetembea juu ya ardhi. Kama unataka futi nane juu, unaleta nguzo ya futi kumi. Hata mtoto wa P4, darasa la nne, anaijua hesabu hiyo, na yeye amejenga miaka yote hii anajifanya haijui. Kila nguzo amejiwekea futi mbili mfukoni, na kuna nguzo thelathini na nane.

Oili chafu nayo hakupaka. Nguzo ya kona upande wa mashariki tayari ina vijia vya udongo vya mchwa vinapanda, na ukiisukuma kwa kiganja inacheza. Huo mkaratusi mbichi hautamaliza misimu miwili ya mvua.

Na kuna hili la mwisho alilonishauri, nadhani alitaka nimwache tu: "Tega waya pale kwenye mfereji, utapata na nyama." Mtu mzima anamwambia mama mwenye watoto maneno hayo. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inasema wanyama hawa ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi, na kumtega bila kibali ni kosa la kufungwa. Niende jela kwa ajili ya uzio alioufupisha yeye? Tena mzee wa nyumba ya pili ni wa ukoo wa Babito, engabi ni mwiko wao. Nitamtazamaje usoni asubuhi akipita kunisalimia?

Nyongeza, saa mbili usiku: nimesoma mliyoandika, asanteni. Mnaosema nikaombe fidia ya wanyamapori, mimi sina ugomvi na pongo wala na wanaowalinda. Mnyama anakula anachokikuta, aliyekula pesa yangu ni mtu mwenye futikamba. Aliyeuliza kuhusu michongoma: nimekwisha agiza miche, nitaipanda kwa ndani kufuata wavu, ila inahitaji miaka kabla ya kufunga vizuri, na sukuma yangu inaliwa leo usiku. Kwa sasa nimeziba mfereji kwa mawe na matawi ya miiba, nimelaza na mabati mawili ya zamani juu yake.

Na wewe uliyenikumbusha madai madogo mahakamani, Mungu akubariki. Nimeulizia leo mchana. Deni lisilozidi milioni 10 linasikilizwa kwa utaratibu huo na huhitaji wakili. Langu ni 3,800,000, limo ndani.

Nimempa fundi mpaka Jumamosi. Ninachotaka ni nguzo za futi kumi, zilizopakwa oili, wavu ushuke mpaka udongoni na juu uongezwe ufike futi nane, au anirudishie pesa za kazi ambayo hakufanya. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, amekubali kuja saa nne asubuhi na mashahidi wote wawili. Nitakuwa pale kwenye nguzo ya kona na karatasi, bahasha ya manyoya na futikamba. Fundi, kama unasoma, njoo na ya kwako pia, tuanzie kupima kwenye udongo.