Safari ya kwanza ya meli ya kitalii: nisibebe nini?

Mleta uzi: Baba Mizigo

Wakuu, habari za muda huu.

Mwezi ujao mimi na mama watoto tunapanda meli ya kitalii kwa siku saba, mara yetu ya kwanza. Orodha za vitu vya kubeba nimesoma mpaka macho yamechoka. Mimi nataka kinyume chake: nisibebe nini? Masanduku mawili makubwa yameshajaa na mwenzangu bado anapanga. Mpaka sasa kuna pasi ndogo ya safari, birika la umeme, ekstensheni ya matundu sita, mishumaa ya manukato (tunaadhimisha miaka kumi ya ndoa), taulo nne, kikausha nywele, na droni ambayo kijana wetu ameniagiza nimpigie video za bahari. Suti mbili. Viatu sijahesabu.

Waliowahi kupanda, nipeni ukweli bila kunionea haya.

Kasa Mzee

Mkuu, nusu ya hivyo utaviacha kwa walinzi kabla hujaiona hata meli yenyewe. Mizigo yote hupita kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege. Pasi, birika na mishumaa vinakamatwa, na sababu ni moja tu: moto. Nyumbani ukiwaka moto unakimbilia nje. Kule nje ni maji.

Usidhani wanatia chumvi. Machi 2006 meli ya Star Princess ilishika moto usiku ikielekea Jamaika. Ilidhaniwa chanzo ni kipisi cha sigara kwenye roshani. Vyumba vingi viliungua na abiria mmoja akafariki. Kama kipisi kinaweza kufanya hayo, pasi iliyosahauliwa juu ya kitanda je?

Nguo zikijikunja, zitundike bafuni ukiwa unaoga maji ya moto. Meli nyingine zina chumba cha kufulia chenye pasi zao.

Kipepeo Mweupe

Nimekaa kwenye benchi la mbele, wajuzi endeleeni. Ila mishumaa ya miaka kumi 😂 mkuu una mapenzi.

Baba Mizigo

@Kasa Mzee nimekuelewa, pasi inatoka (sijui nitamwambiaje mwenye pasi). Lakini ekstensheni ina kosa gani? Tena nimenunua ile yenye kinga ya umeme ukipanda ghafla, nikajua hapo nimefanya la maana.

Fundi Waya

Hiyo yenye kinga ndiyo mbaya kuliko zote. Nimefanya kazi ya umeme melini, ngoja nieleze.

Umeme wa nyumbani, waya mmoja umeunganishwa na ardhi. Melini mara nyingi sivyo: waya zote mbili zina umeme, na hakuna uliofungwa kwenye bodi ya chuma. Wamefanya hivyo makusudi, ili hitilafu moja isizime meli nzima. Sasa ile kinga imetengenezwa kwa umeme wa nchi kavu. Ikitokea hitilafu mahali fulani, hata mbali na chumba chako, kile kijidude cha ndani kinabebeshwa umeme kisichoumudu, kinachemka, kinaweza kuwaka. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 2013. Hakuna aliyekosea kuchomeka, kifaa tu kipo mahali pasipo pake.

Kampuni nyingi zimekataza ekstensheni za aina zote. Beba kichwa cha chaja chenye matundu kadhaa ya USB, kisicho na kinga, kinatosha.

Dada Sanduku

Mimi sizungumzii vilivyokatazwa, nazungumzia kilichonikuta. Sanduku kubwa unalikabidhi kwa wapagazi bandarini, na linaweza kufika mlangoni kwako jioni. Mimi humo nilikuwa nimeweka dawa, chaja na nguo za kuogelea. Watu wako kwenye bwawa, mimi nimekaa na jinzi kwenye jua, kichwa kinagonga. Kwa hiyo kwenye sanduku hilo usiweke pasipoti, dawa, wala chochote utakachokihitaji siku ya kwanza. Beba begi la mkononi.

Usiku wa mwisho ni vilevile, masanduku hutolewa nje ya mlango mlale bila hayo. Kuna mzee tuliyepanda naye alipakia kila kitu, asubuhi akateremka na nguo za kulalia na viatu vya ngozi. Alitembea kwa heshima zote, nakwambia.

Na taulo acha. Za chumbani zipo, za bwawani zipo. Kikausha nywele kwa kawaida kipo pia.

Nahodha wa Sebuleni

Suti acha. Siku hizi usiku rasmi shati safi na suruali vinatosha meli nyingi.

Kasa Mzee

Hapo sikubaliani. Anaadhimisha ndoa, abebe moja. Mbili ndiyo ushamba. Chumba cha meli ni kidogo, sanduku lenyewe linaingia uvunguni mwa kitanda.

Na nguo za mabakamabaka ya kijeshi usiziguse kama mnapita Karibiani. Barbados, Jamaika, Trinidad na Tobago, huko raia kuzivaa ni kosa kisheria, hata za mtoto. Droni nayo kampuni nyingi hazitaki. Bangi hata kama una cheti cha daktari, hapana. Pombe kila kampuni ina kipimo chake, wengi huruhusu chupa moja ya mvinyo kwa mtu mzima siku ya kupanda. Matunda ya mezani usishuke nayo bandarini, watu wa forodha hawana utani.

Baba Mizigo

Mrejesho: tumebaki na sanduku moja na mabegi mawili ya mkononi. Droni imerudi kwa mwenyewe, kanuna. Taulo zimetoka, suti imebaki moja. Pasi imetolewa mara mbili na mara mbili nimeikuta imerudi chini ya viatu, hilo nalimaliza leo usiku.

Swali la mwisho: ile mishumaa ya betri, isiyo na moto?

Fundi Waya

Hiyo kwa kawaida haina shida, ila pitia orodha ya kampuni yako. Beba na betri za akiba, dukani melini utalia.

Kipepeo Mweupe

Picha ya mishumaa tunaidai hapahapa.