Tupeane uzoefu: uamuzi gani wa kocha kwenye mtoano wa besiboli mpaka leo unakuuma?

Mzee wa Bulpeni:
Wakuu habari za saa hizi. Najua humu wengi ni wa Simba na Yanga, ila tupo tuliofika Marekani na Kanada tukakuta jirani, bosi, hadi fundi bomba wote wanaongea besiboli, ukikaa kimya unaonekana wa ajabu, basi ukajifunza na sasa hivi Oktoba ikifika ndio hulali tena. Nataka tupeane uzoefu, kila mtu alete uamuzi mmoja wa kocha kwenye mtoano, au vituko vya mchezaji, alivyoviona kwa macho yake, alikuwa wapi na mpaka leo anasemaje. Ila "kocha bwege" peke yake haitoshi, toa sababu.

Naanza. Mimi ni wa Tampa, timu yangu Rays, timu isiyo na hela inayoishi kwa mahesabu. World Series 2020, yaani fainali ya ligi kubwa ya Marekani, mechi ya 6, ikapigwa Arlington kule Texas sababu ya korona. Tuko kwa shemeji yangu, Blake Snell anarusha kama karogewa, iningi ya 6 (mechi ina zamu 9, kila moja inaitwa iningi), tunaongoza 1-0 dhidi ya Dodgers, kashawatoa watu 9 kwa straiki, yaani wamekosa kupiga mpaka wakatolewa, kapigwa hiti 2 tu, yaani mara 2 tu mtu kapiga akafika besi, karusha mipira 73 ambayo kwa mrushaji wa kuanza si kitu. Mara namuona kocha Kevin Cash anatoka benchi anatembea kwenda katikati. Shemeji ananiuliza, anaenda kumpongeza? Kamtoa bwana! Sababu eti Mookie Betts alikuwa anakuja kumkabili kwa mara ya 3, na mahesabu yanasema mpigaji akikutana na mrushaji yule yule mara ya tatu usiku mmoja anakuwa kashamsoma. Sawa, ila Betts, Seager na Turner, wapigaji watatu wa kwanza wa Dodgers, usiku ule walikuwa wamekutana na Snell mara 6 jumla na mara zote 6 wakarudi kukaa kwa straiki! Akaingia mrushaji Nick Anderson, Betts akapiga ya kumfikisha besi ya pili, mpira ukampita mdakaji pointi ikaingia, Seager akapiga wa chini Betts akafika nyumbani, baadaye Betts huyo huyo akaongeza homurani, mpira nje ya uwanja, 3-1, kombe likaenda Los Angeles.

Sasa mimi msimamo wangu ni tofauti na wa wengi. Kumtoa Snell naweza kumeza. Kinachoniuma ni aliyeingia. Anderson msimu wa kawaida alikuwa moto, ila mtoano ule alikuwa anapigwa karibu kila akiingia, hata mtoto aliona jamaa kachoka. Watu kila mwaka wanabishana kwa nini kocha kamtoa fulani wakati cha kuuliza ni kamleta nani. Haya karibuni.

Mkenya wa Scarborough:
Boss, hiyo ya Snell hata sisi Toronto iliuma na haikuwa yetu. Yangu ni 2023, raundi ya Wild Card, ile ya kwanza ya mtoano, mechi ya 2 na Twins pale Minneapolis, tukipoteza tunarudi nyumbani. Mrushaji wetu José Berríos anaanza, iningi 3 hakuna kitu, straiki zinaingia tu, iningi ya 4 anampa Royce Lewis wao besi ya bure kwa kurusha mipira mibovu, mipira 47 pekee, na kocha wetu John Schneider huyoo anampokonya mpira. Analeta Yusei Kikuchi, mtu ameanza mechi msimu wote, hajazoea kuingizwa katikati kama tayari kuna mtu kwa besi. Pointi 2 hapo hapo, tukalala 2-0. Mimi huendesha lori, nilikuwa nasikiza kwa redio, nikapaki kando nikazima. Halafu meneja mkuu akakaa mbele ya waandishi akasema uamuzi ulikuwa wa Schneider, wueh, sasa hapo ndio nilikasirika zaidi, wewe ndio umemwajiri na wewe ndio unamtupa chini ya meza.

Mama Brian, Brooklyn Park:
Pole ndugu yangu lakini usitunyang'anye ushindi wetu. Nyinyi mlipata pointi 1 kwa mechi mbili nzima! Hata mngemwacha Berríos mpaka asubuhi, 0 haishindi. Na huyo Vladimir Guerrero Jr wenu je, iningi ya 5 mko na watu wawili kwa besi, Bichette ndio anapiga, Guerrero amesimama mbali na besi ya pili anaangalia mawingu, mrushaji wetu Sonny Gray akageuka akarusha, Correa wetu akamgusa, auti, yaani katolewa, mambo kwisha. Hiyo pia ni kosa la kocha?

Mjue sisi Twins tulikuwa tumepoteza mechi 18 za mtoano mfululizo tangu 2004. Watoto wangu wamezaliwa wakaota ndevu bila kuona hata moja. Ile siku tumevunja, mechi ya 1, nilikuwa uwanjani na kijana wangu, mzungu simjui hanijui akanikumbatia analia kama amefiwa, nikamwambia pole, sijui hata kwa nini nilisema pole.

Mkenya wa Scarborough:
Ya Vladdy nakubali mama, hiyo hakuna wakili.

Chipukizi wa Upanga:
Samahanini wakubwa zangu, mimi niko Dar, huu mchezo nimejifunzia Azania kwenye kile kiwanja walichosaidia Wajapani, so sheria nazijua kidogo kidogo. Naomba kuuliza, huko kwenye ligi kubwa mrushaji akitolewa mambo yakiharibika si wanamrudisha tu?

Mzee wa Bulpeni:
Harudi mdogo wangu, akitoka ametoka. Na tangu 2020 kuna sheria nyingine, anayeingia lazima akabiliane na wapigaji wasiopungua 3 au amalize iningi, kwa hiyo ukileta mtu mbovu huwezi kumtoa haraka, unakaa naye hapo hapo mnaungua wote. Ndio maana nasema tatizo ni NANI anaingia. Hongera kwa kucheza, Waganda wametutangulia, watoto wa Lugazi walifika mpaka Williamsport 2012 kwenye mashindano ya dunia ya watoto, msikubali.

Guka wa Lowell:
Nyinyi watoto mnalia kocha akitoa mtu, mimi nalia alipokataa kutoa. 2003, Boston na Yankees, mechi ya 7 pale New York, mshindi anaenda World Series. Tulikuwa tunakaa vijana wengi nyumba moja, wengi wetu tumetoka Kiambu hatujui hata sheria vizuri, mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kiairishi ametuambia mkiwa Massachusetts mna timu moja tu. Pedro Martínez wetu anarusha, tuko mbele 5-2 iningi ya 8. Jeter wa Yankees akapiga ya besi mbili, Williams akamleta nyumbani, 5-3. Kocha wetu Grady Little akatoka, tukashukuru, tukajua sasa anamtoa. Akaongea na Pedro, Pedro akasema yuko sawa, kocha akarudi akakaa! Mipira ilikuwa imepita 110. Matsui besi mbili, Posada besi mbili, 5-5. Na ndani ya bulpeni, pale warushaji wa akiba wanapojipasha, Embree na Timlin walikuwa wamerusha vizuri mtoano wote. Iningi ya 11 Aaron Boone akapiga homurani mpira wa kwanza wa Wakefield, mrushaji wetu, na yule mzee wa Kiairishi akapanda juu kulala bila kuaga mtu. Little hakuongezewa mkataba.

Kwa hivyo Mzee wa Bulpeni nakuunga mkono nusu. Kuna mahali swali ni aliyeingia, lakini kuna mahali hakuna aliyeingia kabisa na ndio ugonjwa. Usimuulize mchezaji kama amechoka, hakuna mwanaume atakwambia ndio mbele ya watu elfu hamsini.

Bwana Newark:
Guka umemtaja Aaron Boone nikakohoa. Sisi Yankees yule shujaa wa 2003 ndio kocha wetu sasa hivi na katulipa madeni yote. World Series 2024 mechi ya 1 Los Angeles, iningi ya 10, tunaongoza 3-2, Dodgers wana watu wawili kwenye besi na Ohtani wao anakuja kupiga. Bulpeni kuna Tim Hill wa mkono wa kushoto, anarusha vizuri tu, kuna na Nestor Cortes naye kushoto ila ametoka majeruhi, hajarusha mechi tangu katikati ya Septemba. Boone akamleta Cortes! Mpira wa kwanza Ohtani akapiga juu, Verdugo wetu akadaka akaangukia kwa mashabiki, tukashangilia, nikamwambia mke wangu unaona, kocha ana akili. Betts wakampa besi ya makusudi, besi zimejaa, Freddie Freeman na kifundo chake kibovu cha mguu, mpira wa kwanza tu, homurani ya pointi nne. Mipira miwili Cortes karusha. Mke wangu hakusema kitu ila aliniangalia.

Halafu mechi ya 4 mashabiki wetu wawili wakamkamata Betts mkono ukutani wakamfungua glavu kabisa kutoa mpira. Wakafungiwa mechi iliyofuata. Kuna jamaa kazini anawatetea mpaka kesho eti walikuwa wanalinda eneo lao. Hapana, huo ni uhuni, na mimi ni Yankees.

Mtanga wa Houston:
Uhuni? Basi ngoja niingie mwenyewe kabla hamjanitaja. Ndio, mimi Astros. 2017 kimbunga Harvey kilikuwa kimetufurusha Agosti, nimepoteza gari na vitu vya chini vyote, tukakaa kwa watu wa kanisa, halafu Novemba timu inachukua kombe la kwanza katika historia yake, jamani mtu asinifundishe kuhusu furaha ile. Januari 2020 ripoti ikatoka, kamera inaangalia ishara za mdakaji wa wapinzani, mtu anagonga pipa la takataka kumjulisha mpigaji mpira gani unakuja. Faini dola milioni 5, meneja mkuu Luhnow na kocha Hinch wakafungiwa mwaka wakafukuzwa siku hiyo hiyo, wachezaji hawakuguswa kwa sababu walipewa kinga ili waseme ukweli.

Mimi naona hapo ndio walipokosea. Kocha anabeba msalaba na waliokuwa wanasikiliza pipa wanaendelea kulipwa. Binti yangu alikuwa anampenda mchezaji wetu Altuve kufa, akaniuliza baba na yeye aliiba? Nikamjibu muulize mama yako. 2022 tumechukua tena na Dusty Baker, safi, hakuna pipa, lakini tukienda ugenini bado wanazomea na sina cha kusema, wana haki.

Mzee wa Bulpeni:
Angalau umejileta mwenyewe, heshima.

Papa Kivu, Kent:
Miye niko Kent karibu na Seattle. 2025 mechi ya 7 kule Toronto, mushindi anaenda World Series, timu yetu Mariners iko mbele 3-1, tulikuwa hatujawahi kufika World Series hata siku moja. Iningi ya 7 Toronto iko na batu bawili kwa besi, Springer wabo anakuja kupiga. Kocha Dan Wilson akaleta Bazardo, Andrés Muñoz mrushaji wetu mukubwa akabaki kule anaangalia. Homurani, 4-3. Batu bote ba nyumba yangu balinyamaza, hata ule mutoto mwenye analiaka kila saa. Unachunga muntu wako muzuri kwa iningi ya 9, iningi ya 9 yenyewe unaikutaka umeisha pigwa.

Mkenya wa Scarborough:
Papa pole, usiku huo barabara zetu zilijaa honi mpaka asubuhi, lakini Mungu akatulipiza wiki mbili baadaye. Mechi ya 7 ya World Series na Dodgers, nyumbani, tunaongoza 4-3 iningi ya 9, tunahitaji auti 2 tu tuchukue kombe la kwanza tangu 1993. Nani anapiga? Miguel Rojas, yule wa mwisho kwa orodha, mtu wa kudaka si wa kupiga. Jeff Hoffman wetu akamrushia, homurani, 4-4. Sikuamini, nilidhani ni marudio ya mechi nyingine.

Zamu yetu ya kupiga iningi hiyo hiyo tuna watu wawili kwa besi, auti moja, na hapa ndio Mzee wa Bulpeni unapata ushahidi wako. Kocha wao Dave Roberts anamleta mrushaji Yamamoto ambaye jana yake tu amerusha mipira 96! Akampiga Kirk wetu kwa mpira, besi zikajaa. Halafu anamleta Andy Pages akae uwanja wa kati. Varsho wetu akapiga wa chini, Rojas akajikwaa karibu aanguke, akarusha nyumbani, Kiner-Falefa wetu aliyekuwa anakimbia kutoka besi ya tatu auti kwa unyayo. Watu wanamlaumu Kiner-Falefa eti alisimama karibu sana na besi ya tatu, lakini timu ndio walimwambia asisogee mbali asije akanaswa mpira ukidakwa, mimi simlaumu. Tena Clement wetu akapiga mrefu, nikaruka, Pages akakimbia akamvamia Hernández mwenzake akadaka juu ya kichwa chake. Huyo Pages ameingia dakika ile ile! Iningi ya 11 Will Smith homurani, 5-4, Yamamoto akafunga kazi. Kwa hivyo hapo sina kocha wa kulaumu, wetu hakuharibu, wao wakaleta watu wawili na wote wawili wakalipa.

Kaka Baltimore:
Nilikuwa nasubiri mtu ataje Showalter, aliyekuwa kocha wetu Baltimore, na hakuna, kwa hiyo nabeba mwenyewe. 2016, Wild Card, Toronto, 2-2. Tuna Zach Britton, mwaka ule alipewa mechi 47 za kufunga, yaani kulinda uongozi mwishoni, akafunga zote 47. Iningi ya 9 haingii, ya 10 haingii, ya 11 anaingia Ubaldo Jiménez, mrushaji wa kuanza aliyekuwa na msimu mbovu. Hiti, hiti, Encarnación wa Toronto homurani ya pointi tatu, 5-2, tumetoka. Showalter alikuwa anasubiri tuongoze kwanza ndio amlete Britton, na kuongoza hatukuongoza. Nimeishi na watu wa hapa karibu miaka 10 tangu siku hiyo na ukitaja jina la Britton baa bado kuna mtu atagonga meza.

Mkenya wa Scarborough:
Mimi nilikuwa ndani ya uwanja usiku huo, viti vya juu kabisa. Nyuma yangu kuna mzee alikuwa anapiga kelele tangu iningi ya 8, "asimlete Britton, asimlete Britton," na kila bulpeni yenu ikifunguliwa anafunika macho. Alipotoka Jiménez alininunulia bia kabla hata hajarusha mpira.